Alirithi Simu ya Kaka Yake, Ndani Akakuta Misukule

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, nguo ziliisha haraka. Koti lake la boda alichukua mtoto wa baba mkubwa. Viatu vikaenda kwa mshikaji wake wa kijiweni, maana miguu yao ilikuwa saizi moja. Redio ndogo akabaki nayo mama. Kikabaki kitu kimoja ambacho tangu asubuhi kila mtu alikuwa anakiangalia kwa jicho la pembeni huku anajifanya hakioni: simu.

Haikuwa simu ya kishua. Kioo kimepasuka kona ya juu, kava limekula vumbi la barabara ya Nyamongo mpaka rangi yake haijulikani. Lakini ni simu janja, ina nafasi kubwa, chaji inakaa, na dereva wa bodaboda hanunui simu ya namna ile bila kujinyima miezi kadhaa. Baba mkubwa alishamaliza hesabu kichwani. Kitu cha mwanaume kinarithiwa na mwanaume. Akamtaja kijana wake, yule yule wa koti.

Mdogo wa marehemu, binti wa miaka 23 anayesuka kwenye saluni moja Tarime mjini, hakusema kitu. Alikuwa ameinamia sufuria ya chai kama vile hayamhusu.

Aliyesema ni bibi. "Hiyo simu ni ya huyu."

"Mama, huyu kesho kutwa ataolewa. Vitu vya mji huu vitakwenda kwenye mji wa watu."

Bibi akamtazama mwanawe muda mrefu. "Na mimi nilikuja kwenye mji huu kwa ng'ombe wa nani?"

Kimya. Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu kila mtu analijua.

Kwa ambaye hajawahi kuishi Mara: Wakurya wana ndoa inayoitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe mwenyewe, anamwoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti yule wanahesabika kuwa wa nyumba yake. Utaikuta Tarime, utaikuta Serengeti. Bibi aliletwa hivyo. Aliyemlipia mahari alikuwa mama mjane, mumewe alishafariki zamani, na watoto wote wa bibi, baba mkubwa akiwemo, wanabeba jina la mwanaume yule ambaye bibi hakuwahi kumwona hata siku moja.

Sasa ukishakumbushwa mbele za watu kwamba mji wako umejengwa na wanawake wawili, utaanzaje kusema simu haiwezi kwenda kwa mwanamke? Baba mkubwa alikohoa, akaomba maji. Simu ikaenda kwa binti.

Namba ya siri ilikuwa ile ile

Usiku ule alijifungia. Namba ya siri aliijua, ilikuwa tarehe ya kuzaliwa kwake yeye mwenyewe, kaka mtu alikuwa hajisumbui kukumbuka nyingine. Hakufungua picha. Hakufungua WhatsApp. Alifungua gemu.

Kila aliyewahi kukaa kijiweni na marehemu analijua hilo gemu. Wenzake walikuwa wanacheza mpira na magari, yeye anacheza kadi. Linaitwa Hearthstone, la kampuni ya Blizzard ya Marekani, lilitoka 2014, na ndani yake kuna mchezo wa pembeni ulioanza Novemba 2019 unaoitwa Battlegrounds. Alilijulia chuoni Mwanza kabla ada haijamrudisha nyumbani. Chuo kilibaki huko, gemu likarudi naye.

Mnakuwa watu wanane, kila mtu na shujaa wake. Mnaingia kwenye kilabu cha jamaa anayeitwa Bob. Bob hauzi pombe, anauza askari. Raundi ya kwanza una sarafu 3, inayofuata 4, hivyo hivyo mpaka 10. Askari mmoja ni sarafu 3. Ukimuuza unarudishiwa 1 tu, kwa hiyo ukikosea unaumia. Ukitaka Bob abadilishe bidhaa mezani, unalipa 1. Kilabu kina ngazi sita, na kadiri unavyopanda ndivyo askari wazito wanavyoonekana. Unaruhusiwa kupanga saba tu. Ukishapanga, mikono mfukoni: wanapigana wenyewe na askari wa mpinzani, na wewe unakodoa macho kama shabiki wa mpira. Ukishindwa unakatwa uhai. Ukiisha, kwaheri. Kumaliza kwenye nne bora ndiyo heshima.

Na ukipata askari watatu wanaofanana, wanaungana kuwa mmoja wa dhahabu. Marehemu alikuwa anasema Nyamongo watu wanachimba mpaka wazeeke, yeye dhahabu anaipata kwa watatu.

Askari wana makabila. Maharamia, mazimwi, mashetani, wanyama, mashine, jumla kumi, lakini kila mechi yanaingia matano tu. Kabila la mwisho kujiunga ni la wafu, waliingia Januari 2023. Wachezaji wa dunia wanawaita wafu wasiokufa. Marehemu aliwaita kwa jina ambalo kila Mtanzania analielewa: misukule.

Aliwapenda kupita kiasi. Alikuwa na lugha yake kabisa. Askari ambaye akifa anaacha kitu nyuma, labda anaita mwenzake au anawaongezea wengine nguvu, alisema "anasoma wosia." Askari ambaye akifa mara ya kwanza anasimama tena akiwa na uhai mmoja tu, alisema "anarudi kuaga."

Binti alipofungua, gemu lilimpokea na namba: 5,870. Ndizo pointi alizoacha kaka yake. Wiki moja kabla ya ajali alikuwa anatamba kijiweni kwamba msimu huu hauishi hajagusa 6,000. Pembeni pameandikwa siku zilizobaki: 19. Msimu ukiisha, namba ya kila mtu inarudi sifuri. Haijalishi ni ya aliye hai au ya aliyelala kaburini.

Alizima simu. Baadaye akaiwasha tena.

Neno lenyewe ndilo lilikuwa tatizo

Ajali ilitokea usiku, boda na lori, kwenye vumbi ambalo taa haisaidii. Kaka alikaa hospitali siku mbili. Siku ya pili alifungua macho, akamtambua mdogo wake, akauliza kitu kimoja kwa sauti ya kukwaruza: "Simu yangu ina chaji?" Binti akacheka huku analia, akamwambia ipo. Akafumba macho. Saa tatu baadaye muuguzi akamwita pembeni.

Yeye ndiye aliyemtambua mwili. Yeye ndiye aliyesema jeneza lisifunguliwe, kwa sababu alitaka mama abaki na sura ya zamani.

Na hapo ndipo maneno ya mtaani yalipopata pa kuingilia. Mbona jeneza halikufunguliwa? Mbona alikuwa anaendelea vizuri, hata aliongea? Huyo hajafa, huyo kachukuliwa. Si unajua huku kwetu, kijana akifa ghafla lazima kuna mtu atasema ni msukule, analimishwa usiku kwenye shamba la mtu fulani. Binti alikuwa anasuka mteja saluni, wateja wawili nyuma yake wakaliongea hilo bila kujua yeye ni nani. Aliendelea kusuka. Mkono haukutetemeka. Alipofika nyumbani ndipo alipotapika.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe gemu lenye misukule.

Mechi yake ya kwanza, Bob akamwekea mezani askari watatu. Mmoja wao anaitwa Risen Rider. Anapatikana ngazi ya kwanza kabisa, shambulio 2, uhai 1, ni mlinzi, maana yake adui lazima ampige yeye kwanza, na akifa anarudi. Jina lake kwa Kiswahili cha kawaida ni mpanda farasi aliyefufuka. Binti aliona neno moja tu. Mpanda. Akabonyeza kubadilisha bidhaa mpaka sarafu zikaisha.

Akawa hivyo wiki nzima. Anacheza kila usiku, lakini wafu hawagusi. Raundi ikiwa imejaa misukule mizuri, yeye anaokoteza maharamia wawili na zimwi moja, anapigwa, anamaliza wa sita, wa saba. 5,870 ikawa 5,831. Ikawa 5,790. Ikawa 5,718.

Binamu yake wa Mugumu, mtoto wa shangazi, ndiye aliyekuwa anamwangalia. Yule anaosha magari ya watalii kwenye kambi moja upande wa Serengeti, na ndiye mtu mwingine pekee kwenye ukoo aliyewahi kufundishwa hilo gemu. Usiku wanapigiana WhatsApp, binti anamwonyesha skrini, bando linaungua.

"Dada, unamshushia pointi."

"Ninacheza ninavyoweza."

"Huchezi. Unawakwepa. Kaka alikuwa na hao hao tu."

"Kama unaona rahisi, njoo ucheze wewe."

"Simu ulipewa wewe."

Akakata. Siku tatu hawakuongea.

Kanuni sita

Katika siku hizo tatu, alipokuwa anatafuta namba ya mdeni mmoja wa kaka yake kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu, akakuta andiko halina kichwa. Lina kanuni sita. Hazikuwa za maisha, usianze kutoa machozi mapema. Zilikuwa za gemu. Zimeandikwa hivi hivi:

"1. Usimchukue msukule kwa sababu jina lake kali. Angalia kwanza mechi hii wameingia au hawajaingia. Kama hawamo, sahau.

2. Mwanzoni chukua anayerudi. Sarafu 3 unapata watu wawili. Hakuna duka lingine linakupa hivyo.

3. Eternal Knight ukiwapata wawili usiuze hata mmoja. Waache wafe. Kila anapokufa mmoja, wote wa jina lake wanaongezeka nguvu, popote walipo, hata ambaye bado yuko kwa Bob hujamnunua.

4. Mpangilio. Anayeanza kupiga ni wa kushoto. Wa kufa mapema weka kushoto, mlinzi mbele ya macho yao. Misukule wanapiga sana ila uhai mdogo, ukimweka mkubwa wako ovyo anakufa bila kazi.

5. Usipande ngazi kwa sifa. Ukiwa na njaa nyumbani huwezi kujenga ghorofa. Panda ukiwa unashinda.

6. Wakikataa kuja usiwang'ang'anie. Uza, nenda na kabila lingine. Anayeng'ang'ania wafu anakufa nao."

Alisoma hiyo ya sita mara nyingi. Kisha akaenda jikoni kwa bibi na simu mkononi, akakaa kwenye kigoda.

Bibi macho hayaoni vizuri lakini mwanga anauona. "Hao ni nani wanapigana?"

Binti angeweza kudanganya, kusema ni katuni. Akasema ukweli. "Ni wafu, bibi. Kaka alikuwa anawacheza. Watu wanasema na yeye..." Akashindwa kumalizia.

"Watu wanasema kachukuliwa. Nimesikia. Macho yamekufa, masikio hayajafa." Bibi akachochea moto. "Msukule ni mtu aliyeibiwa. Wa kwetu hakuibiwa. Tulimzika, nilishika udongo kwa mkono wangu huu. Huyo hapo anafanya nini?"

Ilikuwa Eternal Knight. Binti akaeleza: huyu akifa, wenzake wa jina lake wanapata nguvu. Hata ambao hawakuwepo kwenye vita.

Alitegemea bibi ashtuke. Bibi akauliza, "Sasa hapo cha ajabu ni nini?"

"Si amekufa, bibi."

"Mwenye jina la mji huu nilimkuta ameshakufa. Sikumwona sura. Nimezaa watoto watano kwa jina lake. Hao wajukuu wote mnaokula hapa, mnakula kwa jina la maiti." Alilisema kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi. "Cheza. Chaji ikiisha niambie, nilale."

Siku saba za mwisho

Usiku ule alinunua Risen Rider wa kwanza. Kidole kilisita, lakini alinunua. Yule mpanda farasi akasimama mbele, akapigwa, akaanguka. Kisha akasimama tena na uhai wake mmoja. Binti alimwangalia akiwa na uhai ule mmoja na akakumbuka siku ya pili hospitali, macho yaliyofunguka, swali la chaji. Akalia kidogo, vita vikaendelea, maana gemu halikusubiri. Sekunde za kununua zilipoanza akapangusa skrini kwa kanga akanunua tena.

Alimaliza wa tatu. Akampigia binamu.

"Umechukua nani?" ndiyo salamu aliyopewa.

Kuanzia hapo walicheza kwa kanuni. Misukule wakiwepo, wanaanza na wanaorudi. Eternal Knight wakitokea, wanashikilia wawili au watatu na kuwaacha wafe mapema, kushoto kabisa, raundi baada ya raundi, mpaka wa nne anapokuja kwa Bob anakuja ameshavimba. Binamu akaleta elimu ya Serengeti. Mwezi wa saba hadi wa kumi nyumbu wanavuka Mto Mara kule Kogatende, na yeye ameshaona mara kibao kutoka kwenye gari. "Nyumbu wa mbele ndiye wa mamba," alisema. "Kundi linavuka mamba akiwa anatafuna. Hiyo kushoto ndiyo mtoni. Usiweke pale unayemtegemea."

Walipofika ngazi ya sita mara ya kwanza, Bob akamtoa Eternal Summoner, ambaye akifa wosia wake ni kumwita Eternal Knight mmoja, na yeye mwenyewe anarudi, kwa hiyo wosia unasomwa mara mbili. Binti akapiga ukelele, mama akaamka akidhani ni nyoka. Mechi ile alikuwa wa kwanza. 5,718 ilikuwa imeshapanda hadi 5,840. Zikaja mbili nzuri. Ikaja moja mbaya, wakakutana na jeshi la mashine zenye ngao, likawakausha. Ikaja moja nzuri zaidi. 5,904.

Ilikuwa Jumatatu. Jumanne usiku msimu unaisha.

Na Jumatatu hiyo binti alikuwa na kazi Mugumu, kusuka bi harusi na wasimamizi wake. Alipanda gari asubuhi, njia ya Nyamongo. Tangu mazishi alikuwa hajapita njia ile. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anaogopa. Gari lilipopita mahali penyewe hapakuwa na kitu, vumbi tu, mama mmoja anauza ndizi, mbuzi wawili. Alikuwa amejiandaa kufumba macho. Akajikuta anahesabu mbuzi. Kisha Mgodi wa North Mara ukabaki nyuma, wakavuka Mto Mara, na baada ya vumbi jingi Mugumu ikafika.

Alisuka vichwa vinne. Vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Saa tatu usiku yeye na binamu wakakaa nje kwa shangazi, mahali pekee ambapo mtandao unashika, wamegawana maskani moja na mbu. Mechi moja inakula dakika kama 25. Bando lilitosha mechi moja.

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Kwa pointi walizokuwa wanapata wakiwa wa kwanza, 6,000 ilikuwa inawezekana. Wakiwa wa pili, haifiki.

Mechi ikafunguka. Makabila matano yakaonyeshwa juu ya skrini. Wanyama, maharamia, mazimwi, mashine, naga.

Misukule hawamo.

Binamu akashika kichwa. "Toka. Toka tuanze nyingine."

"Ukitoka unahesabiwa umeshindwa. Na bando?"

"Nitakopa bando. Dada, hatuwezi kumalizia namba yake na swala!"

Binti hakujibu. Alikuwa anaikumbuka kanuni ya sita, neno kwa neno, pamoja na kosa la herufi alilofanya kaka yake kwenye "kabila". Wakikataa kuja usiwang'ang'anie.

Akanunua mnyama.

Walicheza kama hawajawahi. Raundi tatu za mwanzo walipigwa. Hawakupanda ngazi kwa sifa. Wakapata watatu wa kufanana, wakapata dhahabu yao, binamu akasema "Nyamongo hiyo" kabla hajakumbuka maneno hayo yalikuwa ya nani, wote wakanyamaza kidogo. Wakabaki watu sita. Wanne. Shangazi akaja na uji, akauacha, ukapoa. Mtandao ukayumba, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, binamu akasimama akainua simu juu ya kichwa kama anamwonyesha Mungu. Ukarudi. Watatu. Wawili.

Aliyebaki alikuwa na mazimwi makubwa kama nyumba. Wanyama wao walipiga mpaka wa mwisho. Zimwi moja likabaki limesimama, na lile moja likatosha.

Wa pili. Namba ikapanda taratibu, ikasimama: 5,961.

Binamu alitembea mpaka kwenye mti, akapiga shina teke, akarudi anachechemea. "Thelathini na tisa, dada. Thelathini na tisa tu! Zile ulizotupa wiki ya kwanza..." Akajizuia.

"Sema."

"Basi."

"Sema tu. Nilizitupa mimi. Ningecheza tangu mwanzo tungefika." Alisema bila kulia. "Sikuweza."

Binamu akakaa. Baada ya muda akasema, "Yeye mwenyewe aliacha 5,870. Hii ni yake na yako." Wakanywa uji wa baridi. Binti akapiga picha ya skrini, akamtumia binamu, na akaizima simu kwa sababu chaji ilikuwa imebaki asilimia 4.

Sifuri

Jumatano asubuhi, Tarime, alifungua gemu kabla ya kufungua saluni. Pale palipokuwa na 5,961 palikuwa na 0. Alijua itakuwa hivyo, gemu lilishasema tangu siku ya kwanza. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuiona ni kingine, kama vile wote tunavyojua watu hufa.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo kikubwa. Alisubiri kuumia. Aliumia, ila si kama alivyoogopa. Namba imefutika, lakini yeye sasa anajua nani akae kushoto, nani alinde, lini aache. Miezi miwili iliyopita hakujua lolote kati ya hayo.

Mlango ukagongwa. Ni mtoto wa baba mkubwa, kavaa lile koti la boda, linamzidi mabega. Alijifanya anapita tu. Akazungukazunguka, akaulizia bei ya kunyoa wakati anajua pale hawanyoi.

"Nasikia kule Mugumu nusura mshinde," hatimaye alisema.

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

Binti akamtazama yeye na koti. Kwa wiki kadhaa alikuwa analichukia koti lile kwenye mwili ule. Akavuta stuli nyingine kwa mguu. "Kaa. Usishike kioo hapo juu, kitakukata."

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ikafunguka. Safari hii misukule walikuwepo. Bob akaweka bidhaa tatu mezani.

"Tuchukue huyu mwenye meno," kijana akasema.

"Jina lake kali tu huyo," binti akajibu, kidole tayari kiko kwa yule mpanda farasi. "Mwanzoni chukua anayerudi."

Haya wadau, tuambizane kwenye komenti. Simu ya marehemu kwenye ukoo wenu alipewa nani? Na ungekuwa wewe ile Jumatatu usiku Mugumu, ungetoka kwenye mechi ukatafute misukule, au ungenunua mnyama?